Kwa nini filamu za kihistoria za zamani, zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, zinatushika namna hii?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu. Nafundisha historia katika shule ya sekondari huku Katuba, na kila Jumamosi alasiri hukusanya wanafunzi wapatao 20 katika ukumbi wa parokia, tukatazama filamu za kihistoria kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Nina swali ambalo limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa, nami naomba mnisaidie kulifikiri.

Mwezi uliopita niliwaonyesha sehemu ya kwanza ya Les Rois maudits, ile ya televisheni ya Ufaransa ya mwaka 1972 iliyoongozwa na Claude Barma, si ile iliyorudiwa baadaye. Ni sehemu sita zilizotolewa katika riwaya za Maurice Druon, kuhusu mfalme Philippe le Bel aliyewachoma moto wakuu wa Matempla, wale watawa wapiganaji, mwaka 1314, na jinsi wanawe watatu walivyopokezana kiti na kufa bila kuacha mrithi wa kiume. Imepigwa karibu yote ndani ya studio, na haijaribu kulificha jambo hilo: jumba la kifalme ni ngazi chache, kiti, pazia, na giza nyuma yake. Dakika za mwanzo wanafunzi walicheka, na mmoja akasema kwa sauti kwamba jukwaa la shule yetu siku ya sherehe lina mapambo mengi kuliko Paris ya mfalme huyo. Baada ya robo saa kicheko kilikuwa kimekwisha. Umeme ulipokatika katikati ya sehemu ile, nikawaambia waende nyumbani, hakuna aliyeinuka. Walibaki gizani wakibishana kama kweli Robert d'Artois alikuwa na haki ya kumdai shangazi yake Mahaut ile ardhi ya Artois, au alikuwa mtu wa tamaa tu. Wengine walisema shangazi hawezi kumnyima mtoto wa ndugu yake urithi. Wengine wakasema kesi ikishakatwa imekatwa.

Wiki iliyofuata nililetewa filamu mpya ya gharama kubwa, yenye majeshi ya maelfu yaliyotengenezwa kwa kompyuta. Waliitazama vizuri, wakasifu farasi, wakaondoka. Hakuna aliyebishana juu ya lolote.

Siwezi kusema kwamba ni kumbukumbu ya utoto inayonivuta, kwa maana nilizaliwa miaka mingi baada ya 1972, na wanafunzi wangu wamezaliwa katika karne hii. Basi ni nini? Je, ni umaskini wenyewe wa filamu hizo unaotuvuta, au ni kitu kingine kinachotembea pamoja na umaskini huo? Nauliza pia kwa sababu ya haja: wanafunzi sasa wanataka kuigiza na kurekodi siku za mwisho za M'siri, mfalme wa Wayeke, pale Bunkeya, tarehe 20 Desemba 1891. Tuna simu moja yenye kamera nzuri, ua wa parokia, na vitenge vya mama zao.

Fundi Mandhari (Lubumbashi)

Mama Mwalimu, heshima kwako. Miaka ya 1980 nilifanya kazi ya kutengeneza mandhari ya tamthilia za televisheni hapa hapa mjini, nami nitaeleza jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa sababu naamini nusu ya jibu imo humo.

Kamera za studio za wakati ule zilikuwa kubwa, zikisukumwa kwa magurudumu na kuburuta nyaya nene, nazo zilitaka mwanga mwingi sana. Kukata na kuunganisha kanda ya video kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo, kuanzia Ulaya hadi kwetu, tamthilia ilifanyiwa mazoezi kwa siku nyingi kama ya jukwaani, kisha ikarekodiwa kwa vipande virefu, kamera tatu au nne zikipokezana na mwongozaji akichagua picha papo hapo kutoka chumba chake. Mwigizaji hakuweza kusema sentensi moja, akapumzika, akaletewa maji, akasema ya pili. Ilimpasa aibebe hali nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na akijikwaa kidogo katika neno, neno hilo lilibaki kwenye kanda. Wanafunzi wako waliona watu waliokuwa wakizungumza kweli wao kwa wao, kwa dakika tano au nane bila kukatwa, na sikio la mwanadamu hulitambua jambo hilo hata kama jicho linaona ukuta wa mbao.

Tafuta I, Claudius, ambayo BBC iliitoa mwaka 1976 chini ya uongozaji wa Herbert Wise. Ipo yenye maandishi ya Kifaransa chini. Ni Roma ya makaisari Augusto, Tiberio, Kaligula na Klaudio, na ilipigwa studioni. Huioni michezo ya wapiganaji uwanjani. Unaiona familia ya kifalme imekaa kibandani kwake ikiitazama, na umati unausikia tu. Augusto anapokufa, kamera inaukazia uso wa mwigizaji Brian Blessed, haiondoki, wakati mkewe Livia, ambaye hatumwoni, anamsemesha kwa sauti ya upole juu ya ndoa yao na yote ambayo mumewe hakutaka kumsikiliza. Macho ya mzee yamefunguka. Unaendelea kuyatazama, na mahali fulani katikati ya maneno unatambua kwamba unamtazama maiti, lakini huwezi kusema ni wakati gani alikata roho. Baadaye Livia, akiwa anatoka, anamwonya mwanawe Tiberio asiguse zile tini. Hakuna gharama humo isipokuwa waigizaji wawili waliokomaa na mwongozaji aliyekubali kutulia.

Sasa juu ya mandhari, kwa kuwa utayahitaji. Waingereza walipotengeneza The Adventures of Robin Hood, sehemu 143 kati ya mwaka 1955 na 1959, walitia vipande vya mandhari magurudumu: ukuta, mlango, ngazi, hata miti, vikasukumwa na kupangwa upya kwa muda mfupi, na ukumbi wa tajiri ukawa gereza la maskini kabla ya chakula cha mchana. Sisi hatukuwa na magurudumu, lakini tulikuwa na magunia. Tuliagizwa ukuta wa ngome ya chifu, wa udongo na mawe. Tukachovya magunia matupu ya mahindi katika uji wa udongo mweupe uliochanganywa na gundi ya unga wa muhogo, tukayatandaza juu ya fremu za mbao, na yalipokuwa bado mabichi tukayapiga ngumi yafanye mabonde. Yalipokauka tulipitisha masizi ya makaa kwa kitambaa kikavu, kutoka juu kwenda chini tu, kwa sababu mvua huchuruzika kwa njia hiyo na ukuta wa kweli huwa na michirizi ya mvua. Katika televisheni ya wakati ule, yenye kioo kidogo na picha ya mistari 625, lilikuwa jiwe. Katika simu yako leo, gunia litaonekana. Usiogope, acha lionekane, lakini michirizi iwe sahihi.

Na usisahau walio karibu nawe. Kikundi cha Mufwankolo, ambacho kila mtu mzima wa mji huu anakijua toka redioni na televisheni, mwaka 1986 kilitunga tamthilia juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi, kikaicheza kijijini Kawama kwa ajili ya televisheni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwepo na ameandika kitabu kizima juu ya jinsi ilivyotungwa, kwa Kiswahili chetu cha huku, bila maandishi ya kukariri, kila mmoja akijua hali ilipoanzia na ilipopaswa kufika. Hiyo ndiyo bajeti yenu.

Msomaji wa Kadutu (Bukavu)

Nimefuata maelezo ya Papa Fundi kwa furaha, lakini naomba nizuie jambo moja kabla hatujafika mbali. Umaskini wa filamu peke yake si uzuri, na sisi wa Kongo tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine.

Wakati wa ukoloni zilitengenezwa filamu nyingi za gharama ndogo kwa ajili yetu. Hapa Bukavu mapadri walikuwa na kazi yao ya filamu iliyoitwa Africa Films. Kule Kasai padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo wazee bado wanavitaja. Nyingi zilikuwa za polepole, zenye kamera tulivu, watu wachache na mandhari ya kawaida. Ukizipima kwa macho tu, zinafanana na zile tunazozisifu hapa. Lakini sababu ya utulivu wake ilikuwa nyingine kabisa. Kwa upande wa Waingereza, William Sellers wa Colonial Film Unit, idara ya serikali ya filamu za makoloni iliyoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu iliyokatwa kwa haraka, kwamba lazima kila tendo lionyeshwe kuanzia mwanzo hadi mwisho na hila zote za kamera ziepukwe, na watawala wa Kibelgiji nao walikuwa na mawazo ya namna hiyo hiyo. Filamu ile ilikwenda polepole kwa sababu mtengenezaji aliamini kwamba mtazamaji hana akili ya kujaza pengo. Les Rois maudits inakuachia giza nyuma ya kiti cha mfalme kwa sababu mtengenezaji anaamini kwamba akili hiyo unayo. Fedha ni kidogo pande zote mbili, lakini heshima iko upande mmoja.

Ndiyo maana siwezi kukubali kuzisifu filamu za zamani kwa neno «haiba» bila kuuliza haiba ya nani kwa nani. Chukua filamu za Kiitaliano za mashujaa wenye misuli, zilizotapakaa baada ya filamu ya Ercole (Hercules) ya mwigizaji Steve Reeves mwaka 1958 na kufifia katikati ya miaka ya 1960. Nazipenda baadhi yake. Mario Bava, aliyepiga picha za ile ya kwanza na kuongoza nyingine mwenyewe, aliweza kukupeleka kuzimu kwa moshi na taa za rangi tu. Lakini humo Afrika ni mahali pa kuletea watumwa na wanyama, na unyonge wa bajeti haukumlazimisha mtu yeyote kuandika hivyo. Karatasi na kalamu vilikuwa bei ile ile.

Kwa ajili ya wanafunzi, Mama Mwalimu, ningependekeza Ceddo ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1977. Ufalme mzima ni kijiji kimoja: mfalme chini ya mwavuli, wakuu wake, imamu na wafuasi wake, padri mmoja na mfanyabiashara mmoja wa Kizungu, na watu wa kawaida waliochoka. Binti mfalme ametekwa, na sehemu kubwa ya filamu ni baraza: mtu anasimama, anasema hoja yake kwa mpangilio, msemaji wa mfalme anaipokea na kuipeleka mbele. Muziki ni wa Manu Dibango. Serikali ya Senghor, rais wa Senegal, iliizuia, na sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa tahajia ya jina lake, kwamba limeandikwa kwa d mbili badala ya moja. Serikali haiogopi hivyo filamu ambayo ukumbi wake unatoka kama ulivyoingia. Wanafunzi wako wataelewa mara moja kwamba baraza ni vita, na baraza halihitaji farasi.

Na neno moja juu ya M'siri. Maelezo mengi ya siku ile yanayosomwa yaliandikwa na watu wa msafara wa kapteni Stairs wenyewe, uliotumwa na Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Daktari wao, Joseph Moloney, alichapisha kitabu mwaka 1893. Hao ndio waliokuja kuichukua nchi. Bunkeya bado ina Mwami wake na wazee wake. Kabla ya kuwasha kamera, wapeleke watoto wakawasikilize, au mwalikeni mzee mmoja wa Kiyeke aliyepo Lubumbashi. Na yale mtakayoyabuni yaandikwe wazi mwishoni mwa filamu kwamba yamebuniwa.

Kando ya Ziwa (Goma)

Ndugu wa Bukavu amesema kweli juu ya heshima. Mimi naongeza kwamba mara nyingine uhaba unamlazimisha mtengenezaji kupata wazo ambalo fedha zingemzuia kulipata.

Mwaka 1949 Orson Welles alikuwa Mogador, mji wa Moroko unaoitwa leo Essaouira, tayari kupiga filamu ya Othello, tamthilia ya Shakespeare. Waigizaji wamefika, mavazi hayajafika, na fedha za kuyakomboa hazipo. Alikuwa na onyesho la kupiga, la mauaji ya mhusika Roderigo. Akalihamishia ndani ya hamamu: wanaume wamejifunga mataulo, kuna mvuke, maji sakafuni, na upanga unaopenya kati ya mbao. Ukiitazama leo huwezi kufikiria mauaji yale yakifanyika barabarani kwa mavazi ya hariri. Mtu aliye uchi na mwenye joto hawezi kukimbia popote. Filamu hiyo ilichukua miaka kukamilika, ikapata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1952.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Mwaka 1966 Roberto Rossellini aliitengenezea televisheni ya Ufaransa filamu juu ya jinsi Louis XIV alivyojitwalia madaraka, akamchagua Jean-Marie Patte, mtu ambaye uigizaji haukuwa kazi yake. Bwana huyo hakuweza kukumbuka maneno yake, kwa hiyo yaliandikwa kwenye mbao nyuma ya kamera, naye akayasoma. Matokeo yake ni kwamba mfalme hamtazami mtu yeyote. Mawaziri wanamsemesha, yeye anajibu huku macho yake yakiwa mahali fulani juu ya mabega yao, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ni kosa la mtu asiyejua kuigiza, na ndilo linalomfanya awe mfalme: unaona kijana mwoga anayejifunza kutisha watu kwa kutowatazama. Kisha Rossellini anatuonyesha silaha yenyewe, nayo ni nguo: riboni, nywele za bandia, vitambaa vya gharama ambavyo kila mkuu atalazimika kuvishona hadi afilisike na kumtegemea mfalme. Karibu na mwisho anakula peke yake mbele ya watu waliosimama, sahani moja baada ya nyingine. Huhitaji jeshi kuelewa kwamba Ufaransa imeshikwa.

Mwalimu, usiwaondoe kikundini wanafunzi wanaosahau maneno. Mtafutie kila mmoja kosa lake mahali linapoweza kufanya kazi.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nitasema kidogo. Mnazungumzia filamu, nami nakumbuka picha. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora historia ya nchi hii juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, kwa rangi alizoweza kuzipata, akaziuza hapa mjini kwa watu wa kawaida. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian, huyo huyo aliyetajwa na Fundi, zaidi ya picha 100 zinazofuatana, tangu wakati wa mababu hadi Lumumba na baada yake, na akamsimulia kila moja kwa Kiswahili. Alijiita mwanahistoria. Watu katika picha zake wamesimama wima na wanafanana nyuso, treni ni kama sanduku, lakini mtu aliyekuwa na picha moja sebuleni mwake alipokea mgeni na mazungumzo yakaanzia pale ukutani. Hakuna mgeni aliyelalamika kwamba treni haifanani na treni. Aliuliza: «Huyu ni nani, na kwa nini wamemfunga?» Wanafunzi wako waliobaki gizani na shangazi Mahaut walifanya kile kile, mama.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Papa Fundi, Papa wa Kamalondo, ndugu zangu wa Bukavu na Goma, nawashukuru sana. Niliwasomea wanafunzi majibu yenu Jumamosi, sentensi kwa sentensi, na pale kwenye habari ya Sellers wavulana wawili walikasirika hasa, wakaniuliza kama babu zao waliambiwa hivyo usoni. Niliwaambia wakawaulize wazee wao waliotazama filamu zile.

Tumebadili mengi. Tulikuwa tumepanga kupiga msafara wa Stairs ukiingia, na tulihangaika kwa sababu hatuna bunduki wala wapagazi wa kutosha. Sasa msafara hautaonekana kabisa. Filamu yote itakuwa baraza ndani ya ua wa M'siri, asubuhi ya tarehe 20, wakuu wakibishana kama akubali bendera ya Leopold au aikatae, na Wazungu watasikika tu kupitia vinywa vya wajumbe wanaoingia na kutoka. Bodson, aliyempiga M'siri risasi na kisha akafa kwa majeraha ya siku hiyo hiyo, atakuwa sauti nyuma ya ukuta. Risasi yenyewe tutaisikia tukiwa tunamtazama msichana mmoja anayepepeta unga. Huyo tumembuni, na tutaandika hivyo mwishoni, kama tulivyoagizwa. Anayemwigiza ni mwanafunzi ambaye hajawahi kukumbuka mistari miwili mfululizo, na katika hali hii hana mstari hata mmoja.

Mzee mmoja wa Kiyeke anayeishi mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, amekubali kuja ukumbini Jumatano, kwa sharti kwamba kwanza tumsomee tulichoandika.

Magunia tumepata 14. Udongo mweupe upo. Papa Fundi, nina swali moja la ziada: M'siri alitawala biashara ya shaba, na tungependa misalaba midogo ya shaba ya zamani ionekane miguuni pake, ipatayo 40. Tunaweza kununua miwili ya kweli kwa wafua shaba wa mjini, basi. Mingine tuifanyeje?

Fundi Mandhari (Lubumbashi)

Ifinyangeni kwa udongo wa kichuguu, ikauke kivulini ili isipasuke, kisha ipakeni rangi ya kahawia na juu yake msugue unga wa shaba, ule unaodondoka chini ya meza za hao wafua shaba. Watawapa bure mkiwafagilia. Ile miwili ya kweli iwekeni mbele kabisa, karibu na kamera, na mmoja aangushwe sakafuni kabla ya mtu yeyote kusema neno. Wakishausikia mlio wake, ile 38 nyuma yake itakuwa ya shaba pia. Nitakuja Jumatano kumsikiliza mzee, na nitaleta brashi zangu.